Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Dalili za Maradhi ya Lupasi



Mwili wa mwanadamu ni mfano wa mji wenye askari. Kazi yao ni kupambana na vijidudu vya maradhi viingiapo kutoka nje. Lakini hutokea askari hao wakapotewa, wasimtambue adui wala mwenyeji, wakaupiga mji wao wenyewe. Ndipo isemwapo: kikulacho ki nguoni mwako. Maradhi ya namna hiyo ni mengi, na mojawapo huitwa lupasi. Hushambulia ngozi, viungo, mishipa ya damu na hata mafigo.

Jina hilo ni la Kilatini, maana yake mbwa-mwitu, kwani matabibu wa zamani waliona vidonda vya usoni vyafanana na alama za meno ya mnyama huyo. Yalidhaniwa kuwa maradhi ya ngozi tu, mpaka mwaka 1872 tabibu Moriz Kaposi wa Vienna alipoeleza kuwa huingia ndani ya mwili pia.

Katika wagonjwa 10, yapata 9 ni wanawake, na wengi wao wamo katika umri wa kuzaa. Dalili zake aghalabu hazifiki pamoja, na hapo ndipo watu wadanganyikapo. Leo ni homa, nyumbani wakasema malaria. Mwezi ujao vidole na magoti huvimba na kukakamaa asubuhi, wakasema baridi yabisi. Kisha huja uchovu usioondolewa na usingizi, wakasema uvivu. Nywele hunyonyoka, vidonda hutoka kinywani, kifua huchoma avutapo pumzi. Usoni hutanda vipele mashavuni na juu ya pua, mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa. Katika ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani vyema, bali huwa kama weusi au zambarau. Jua huyazidisha yote hayo.

Dalili ya kuogopwa zaidi ni ile isiyouma: miguu na kope kuvimba, na mkojo wenye povu. Huenda mafigo yamekwisha kuguswa, na kukawia ni khatari.

Badala ya kupelekwa hospitali, mgonjwa huambiwa amerogwa, na jirani asiye na kosa akachukiwa. Wengine huogopa kula naye sahani moja. Huko ni kumdhulumu, kwani maradhi haya hayaambukizi kabisa.

Dawa ya kuyang'oa haijapatikana, lakini kuyatuliza kwawezekana. Mwaka 1951 daktari Francis Page alitangaza mjini London kuwa mepakrini, dawa ya malaria, iliwafaa wagonjwa wa lupasi. Na hata leo haidroksiklorokwini, nduguye klorokwini, ni nguzo ya matibabu. Mgonjwa na ajifunike juani, wala asikatishe dawa kwa kujiona amepona. Ramadhani ikikaribia, amwulize daktari kwanza; mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Basi mwenye binti, mke au dada asihesabu dalili moja moja. Azikusanye zote, za mwezi huu na za mwaka jana, amweleze daktari, na damu na mkojo vipimwe. Dalili iliyo peke yake haisemi kitu; zikikutanishwa, hutoa ushahidi, na ushahidi ukiwahi huokoa mafigo na uhai.