Bastola na Kamba ya Mwavuli: Kuitazama Upya Point Break



Jioni hii naomba tuitazame upya Point Break, filamu iliyoongozwa na Kathryn Bigelow mwaka 1991. Johnny Utah, mpelelezi kijana wa FBI anayeigizwa na Keanu Reeves, anajipenyeza kwa vijana wa pwani ya California wanaoteleza juu ya mawimbi na kuruka kwa miavuli. Hao ndio wanaoiba benki wakiwa wamevaa sura bandia za marais waliopita wa Marekani. Kiongozi wao ni Bodhi, yaani Patrick Swayze.

Kwa mizani ya fizikia, filamu hii haikufaulu hata ilipokuwa mpya. Mrukaji anayeanzia mita 4,000 huanguka kwa kasi ya kilomita 200 hivi kwa saa, na ana takribani dakika moja kabla ya kufungua mwavuli. Upepo hunguruma masikioni kiasi kwamba warukaji huelewana kwa ishara. Utah na Bodhi wao, wakianguka pamoja, wanagombana kwa maneno, tena kwa nafasi.

Hata hivyo filamu imedumu, na wengi husema ni kwa sababu miili inayoanguka ni ya watu kweli. Ni kweli Swayze aliruka mwenyewe. Lakini jibu hilo halinitoshi. Ilipotengenezwa upya mwaka 2015, Ericson Core alitumia warukaji halisi waliovaa suti zenye mabawa, wakipita katikati ya miamba. Hatari ilikuwa ya kweli kabisa. Nani kati yetu anaikumbuka filamu hiyo?

Turudi kwenye mruko wa Utah na Bodhi, tuanzie ndani ya ndege. Bodhi ameshajitupa, na mwavuli uko mgongoni mwake. Utah amebaki mlangoni na bastola tu. Anaruka hivyo hivyo. Anamfikia Bodhi hewani, anamkumbatia, anamwekea bastola kichwani na kumwamuru avute kamba. Bodhi anakataa: vuta wewe. Mkono mmoja wa Utah umemng'ang'ania Bodhi, mwingine umeshika bastola, na kamba inataka mkono. Akiitupa bastola, mhalifu atamponyoka. Akiishikilia, watakufa wote wawili. Ardhi inazidi kukua chini yao. Utah anaiachia bastola.

Katika vibanda vya video tulizoea kuuliza kwanza: steringi nani, adui nani? Hapa steringi amemkumbatia adui, na hawezi kujiokoa bila kumwokoa yeye. Kwa hiyo nausamehe ule uongo wa muda. Dakika imerefushwa ili uamuzi wa mtu uonekane.

Nisichokisamehe ni jinsi Tyler alivyotendewa. Lori Petty anamwigiza akiwa mwalimu wa Utah majini, hodari kuliko mwanafunzi wake. Mwishoni anageuzwa mateka, ili wanaume wapate sababu ya kupanda ndege. Inaniuma zaidi kwa kuwa mwongozaji ndiye mwanamke aliyekuja kuwa wa kwanza kupata Oscar ya uongozaji, mwaka 2010.

Narudi kwenye hatari ya kweli. Tarehe 30 Julai 2016, huko California, Luke Aikins aliruka bila mwavuli kutoka mita 7,620 na kutua salama kwenye wavu. Nilitazama picha za tukio hilo pumzi zimenibana, mara moja tu. Mruko wa Utah, ninaoujua kuwa ni wa kuigiza, niliutazama tena jana usiku nikiandaa mhadhara huu. Bastola ilipomtoka mkononi, nilikuwa nimeshasimama.