Nani Ameshika Hatamu? Shahada za Mtandaoni katika Vyuo vya Wamarekani Weusi



Mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama liliondoka Tuskegee, Alabama, likiwa limesheheni plau, mbegu na vifaa vya kusindikia maziwa. Lilibuniwa na George Washington Carver, mwalimu wa kilimo wa chuo cha huko, likapewa jina la mfadhili wake, tajiri wa New York, Morris Jesup. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wakulima Weusi huko huko mashambani, kwa kuwa hawakuweza kuiacha pamba yao wakakae darasani.

Tuskegee ni mojawapo ya vyuo takriban 100 ambavyo Sheria ya Elimu ya Juu ya Marekani ya mwaka 1965 inavitambua kuwa vilianzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Afrika inavifahamu: Mbiyu Koinange wa Kenya alisoma Hampton, na Kwame Nkrumah wa Ghana alihitimu Lincoln mwaka 1939. Siku hizi vingi vinatoa shahada kwa njia ya mtandao. Morehouse, chuo cha wanaume cha Atlanta, kilianzisha programu ya namna hiyo mwaka 2021 kwa waliowahi kuanza chuo wakaishia njiani. Hoja yangu ni kwamba masomo haya yanaendeleza mila ya lile gari, ila manufaa yake yatategemea nani ameshika hatamu.

Wapo wanaosema kwamba roho ya vyuo hivi haipiti kwenye waya. Mtu huenda chuo kama Howard, wanasema, kwa ajili ya bendi za matarumbeta, undugu wa bwenini na mwalimu anayemjua kwa jina. Pingamizi hili ni zito, lakini linamfikiria kijana wa miaka 18 asiye na mtoto wa kulea. Marekani ina watu zaidi ya milioni 35 walioingia chuo wakatoka bila cheti. Mama wa watoto wawili anayefanya kazi zamu ya usiku hana bweni la kuchagua. Asiposoma nyumbani, hasomi. Na chuo cha Weusi kisipomfuata, atafuatwa na vyuo vinavyoendeshwa kwa faida, ambavyo kwa miaka mingi vimewaandikisha Weusi kwa wingi na kuwaachia madeni.

Swali gumu zaidi ni la fedha. Shahada ya mtandaoni hudai mtaji kabla ada ya kwanza haijaingia. Ndiyo maana vyuo vingi vya Marekani vimeingia ubia na kampuni zinazotangaza programu, kusajili wanafunzi na kuendesha mitambo, kisha kuchukua nusu ya ada au hata zaidi. Watetezi wa ubia huo husema heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini chuo kilichomwachia mwingine usajili hakijifunzi kusajili, na mbia akiyumba nacho huyumba. Julai 2024 kampuni kubwa ya aina hiyo, 2U, iliomba mahakama iikinge dhidi ya wadai wake. Fedha za nje si kosa: Jesup alitoa zake, lakini mafunzo na walimu walibaki kuwa wa Tuskegee.

Tena ufukara wa vyuo vya Weusi una waliousababisha. Septemba 2023 serikali ya shirikisho iliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya Weusi vilivyoingizwa katika mpango wa ruzuku ya ardhi kwa sheria ya 1890 vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 kati ya 1987 na 2020. Huko Maryland dai la namna hiyo lilifika mahakamani mwaka 2006. Mwaka 2013 jaji aliona kwamba jimbo liliendelea kuruhusu vyuo jirani kunakili programu za vyuo vya Weusi na hivyo kuvinyang'anya wanafunzi. Mwaka 2021 jimbo lilikubali kuvilipa vyuo vinne dola milioni 577 kwa miaka 10. Mtandao unalikuza tatizo hilo, kwa kuwa sasa kila chuo ni jirani wa kila mwanafunzi.

Basi tunapoletewa programu ya mtandaoni ya chuo chochote cha aina hii, tusianze kwa kuuliza mtambo wake ni wa kisasa kiasi gani. Tuulize nani aliandika mtaala, nani anaajiri walimu, na ada ya yule mama wa zamu ya usiku inaishia mfukoni mwa nani.