Kabla ya Nyundo: Tuchunguze Dari na Mapaa ya Zamani

(Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kilicho juu ya vichwa vyetu: dari na mapaa ya majengo ya zamani.

Vikundi vingi sasa vinarekebisha majengo. Mmoja amepewa zahanati ya zamani aigeuze iwe shule ya chekechea. Mwingine anatengeneza ukumbi, au nyumba ya walimu. Hiyo ni kazi njema. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kabla ya kuziba, tuulize kwanza ufa huo uko katika kitu gani. Maana majengo mengi ya umma yaliyojengwa zamani, yaani shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi, yaliezekwa kwa asbesto, na mengine yakawekwa dari za asbesto pia.

Asbesto ni nini?

Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini, lakini si jiwe kama haya yetu ya kujengea. Ukilisaga linatoa nyuzi, kama pamba. Nyuzi hizo haziungui wala haziozi, ndiyo maana wajenzi walizipenda. Walizichanganya na simiti wakatengeneza mabati mazito ya kijivu, mbao bapa za dari, na hata mapaipu ya maji. Nchi nyingi zilifanya hivyo. Huko Uingereza, kwa miaka mingi watu walipaka dari zao rangi nzito yenye michoro, na ndani yake mlikuwa na asbesto nyeupe. Uingereza ilikataza asbesto hiyo nyeupe mwaka 1999. Afrika Kusini, ambako asbesto ilichimbwa, ilipiga marufuku mwaka 2008. Hapa kwetu Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari.

Ubaya wake uko katika vumbi. Uzi mmoja ni mwembamba kuliko unywele, mwembamba mno hata macho hayauoni. Ukivunja, ukikata kwa msumeno au ukikwangua, nyuzi zinaruka na kukaa hewani kwa saa nyingi. Mtu akivuta pumzi zinaingia mapafuni, na mapafu hayawezi kuzitoa zote. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni kifua cha mtu. Baada ya miaka mingi, 10, 20, hata 40, mtu anaanza kukosa pumzi kwa sababu mapafu yamekakamaa. Ugonjwa huo huitwa asbestosisi. Wengine hupata saratani ya mapafu, au saratani ya ngozi nyembamba inayozunguka mapafu. Anayevuta sigara yuko katika hatari kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Sasa kuna mzee atatuambia, "Nyinyi watu wa ofisi, sisi tumekaa chini ya paa hilo miaka 30 na hatujafa." Mzee huyo tusimcheke, ana sehemu ya ukweli. Asbesto iliyoshikwa vizuri na simiti, isiyo na nyufa na isiyosumbuliwa, hutoa vumbi kidogo sana. Hatari kubwa inaanza siku tunapokuja na nyundo. Na kwa kuwa ugonjwa huchukua miaka mingi kujitokeza, mtu kuwa mzima leo si ushahidi kwamba hakuumia.

Mambo yaliyotokea

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu kilikuwa kimechanga pesa za kutengeneza jengo kuukuu. Dari ilikuwa na nyufa. Fundi akawapa bei nzuri. Alisema ataikwangua rangi ya zamani kwa msasa na kupiga plasta juu yake, na pale palipoharibika sana atang'oa. Wanafunzi wangebeba vipande nje Jumamosi, na akina mama wangefagia. Ilikuwa tayari imepangwa ni nani atachukua vipande: huyu afunike shimo la choo, yule aezeke kibanda cha kuku.

Mweka hazina ndiye aliyeuliza, "Hii dari ni ya kitu gani?" Hakuna aliyejua, hata fundi. Kazi ikasimama. Wanachama wengine walikasirika, wakasema pesa zitaliwa na mikutano. Lakini tufikirie. Wale watoto wangevuta vumbi wakiwa na umri wa miaka 10, na maisha yote yako mbele yao. Wale akina mama wangerudi na vumbi katika leso na nguo zao hadi nyumbani. Katika nchi zilizokuwa na viwanda vya asbesto, wako wanawake waliougua bila kukanyaga kiwandani. Walifua tu nguo za kazi za waume zao.

Tutatambuaje?

Tuseme wazi: kwa macho peke yake hakuna awezaye kujua kwa hakika. Ni maabara, kwa darubini, inayothibitisha. Lakini kuna dalili za kututia shaka.

1. Umri wa jengo. Waulizeni wazee lilijengwa lini na nani. Tafuteni karatasi za zamani katika ofisi ya shule au ya parokia.

2. Paa. Bati la asbesto ni nene, la kijivu, halina kutu, na sumaku haishiki. Mara nyingi huota kuvu na majani ya kijani. Likivunjika hupasuka kama kigae, halipindi kama bati la chuma.

3. Dari. Ikiwa ni mbao bapa ngumu za kijivu chini ya rangi, zilizopigiliwa vipande vyembamba vya mbao kwenye maungio, shaka iwepo. Usichukue kisu ukakwaruza ili ujue.

4. Ukiwa na shaka, ihesabu kuwa ni asbesto mpaka ithibitishwe kwamba siyo. Mwandikieni afisa wa afya ya umma na ofisi ya NEMA ya kaunti yenu, mwulize ni nani aliyefunzwa kuchukua kipande cha kupimwa. Weka nakala ya barua katika faili ya kikundi.

Ikiwa ni asbesto, tufanye nini?

Kama ni nzima, mara nyingi njia salama na ya bei nafuu ni kuiacha. Msiitoboe, msiipige msasa, msiisugue kwa brashi ya waya. Inaweza kupakwa rangi bila kukwanguliwa, au kuwekewa dari mpya chini yake inayoshikiliwa na fremu yake yenyewe. Andikeni katika kitabu cha jengo: "Dari hii ni asbesto." Kamati hubadilika, na fundi wa miaka 10 ijayo hatajua.

Kama imevunjika au inabomoka, fungeni chumba hicho, watoto wasiingie. Msifagie kwa ufagio mkavu. Kuiondoa ni kazi ya watu waliofunzwa. Wao huvaa mavazi maalum na barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, kwa maana leso iliyofungwa puani haizuii kitu. Hulowesha kwa maji kwanza, hutoa bati zima bila kulivunja, hulifunga kwa nailoni nzito na kuweka alama. Gari la kubebea taka hiyo lazima liwe na leseni ya NEMA, na hupelekwa mahali palipoidhinishwa kuzikwa. Msichome moto. Asbesto haiungui, ila mabati yake hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Akina mama wameuliza juu ya maji ya mvua yanayovunwa kutoka paa hilo. Wataalamu wanaona hatari kubwa iko katika kuvuta hewa, na ushahidi wa madhara ya kunywa ni mchache. Lakini paa kuukuu humomonyoka, na tope la mifereji lina nyuzi. Kwa hiyo msikaushe tope hilo na kulitupa uwanjani watoto wanakocheza. Liondolewe likiwa bichi na kufungwa, litunzwe pamoja na taka ile nyingine. Na kama mnaweza kuvuna maji kutoka paa jingine, afadhali.

Pesa je?

Hapa ndipo penye uchungu. Kuondoa asbesto kwa njia ya sheria ni ghali, na vikundi vyetu ni vya watu wa kuchanga shilingi hamsini hamsini. Ushauri wetu ni huu. Chunguzeni kabla ya kupokea jengo na kabla ya kuitisha harambee, siyo baada ya kununua simiti. Mwenye jengo, awe ni kaunti, shule au parokia, ndiye wa kubeba mzigo huo, na hata Kanisa lisijifiche. Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Na akija mtu kununua mabati yenu ya zamani, msimwuzie. Kumwuzia jirani ni kuhamisha hatari kutoka paa letu hadi paa lake.

Kile kikundi cha akina mama bado hakijapiga plasta. Wanasomeshea watoto katika chumba kingine, chenye bati la kawaida, huku wakifuatilia barua yao. Ni kusubiri kwa kuchosha, lakini kila mtoto anaondoka jioni na kifua alichokuja nacho asubuhi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni majengo gani katika kijiji chetu yaliyojengwa zamani, na nani anajua yaliezekwa kwa nini?
2. Je, kuna vipande vya bati la kijivu nyumbani kwetu, kwenye choo, zizi au kibanda cha kuku? Tutavifungaje bila kuvivunja, na tutamwarifu nani?
3. Katika kikundi chetu, ni nani atakayeandika barua, na kufikia tarehe gani?