Mgongo wa Mama Mjamzito ni Amana

(Hotuba kwa waumini wa Musoma, Bunda na Butiama)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu waheshimiwa, leo twasema juu ya jambo ambalo wanaume wengi hulisikia majumbani mwao na kulipuuza: maumivu ya mgongo ya mama mjamzito. Kurani Tukufu haikulipuuza. Katika Sura Luqman, Mwenyezi Mungu anapotuusia wema kwa wazazi, anakumbusha jinsi mama alivyodhoofika alipokuwa akitubeba tumboni. Ikiwa Muumba ameutaja udhaifu huo katika Kitabu Chake, sisi ni nani hata tuuite uvivu au kudeka?

Sababu zake zinajulikana. Katika ujauzito mwili hutoa homoni zinazolegeza kano za nyonga ili kuandaa njia ya mtoto. Tumbo nalo huvuta uzito mbele, na misuli ya kiuno hulazimika kufanya kazi zaidi. Juu ya mzigo huo sisi twaongeza mwingine. Maji ya ndoo ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Mama huyapandisha kutoka ziwani au kisimani, kisha hushika jembe, kisha hufuata kuni.

Maumivu yakizidi, watu hutafuta mikono ya kukanda. Ng'ambo iko fani iitwayo kairopraktiki, iliyoanzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895, ambayo hutibu uti wa mgongo kwa mikono. Wako wajawazito wanaoiendea, ingawa ushahidi wa faida yake kwao ungali mchache. Kwetu wapo wakunga wa jadi na wakandaji. Hatuwadharau, kwani wengi wetu bibi zetu walizalia mikononi mwao. Lakini ni lazima tutofautishe. Kusugua mgongo na miguu kwa upole ni jambo moja. Kulibonyeza tumbo kwa nguvu ili kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya ni jambo jingine kabisa. Kondo la nyuma laweza kubanduka, damu ikavuja ndani, na mama na mtoto wakapotea pasipo jeraha lolote kuonekana nje. Watoto wengi waliotanguliza matako hujigeuza wenyewe kabla ya wiki ya 36. Asiyegeuka, daktari aweza kujaribu kumgeuza, lakini hospitalini, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakipimwa na upasuaji ukiwa tayari kufanyika.

Katika mkusanyo wa Hadithi wa Abu Daud, Mtume (s.a.w.) anafundisha kwamba atibuye watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Basi mume aliyempeleka mkewe kwa mtu wa namna hiyo ili kuokoa nauli ya hospitali, naye ajiulize atajibu nini mbele ya Mola wake.

Tufanye nini basi? Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mazoezi ya mara kwa mara ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga, na likataja fiziotherapia na mikanda ya kushikilia tumbo miongoni mwa tiba. Lilishauri pia mahudhurio yasiyopungua manane kliniki. Nyumbani, mama alale kwa ubavu, mto ukiwa katikati ya magoti. Akiokota kitu, apige magoti badala ya kuinama.

Lakini yako maumivu yasiyongojea mto wala mkandaji. Mgongo unaouma kwa vipindi kabla ya miezi kutimia waweza kuwa uchungu wa mapema. Maumivu yenye homa na mkojo unaochoma yaweza kuwa maambukizo ya figo. Damu ikitoka, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, safari ni moja tu: hospitali, saa ileile, usiku au mchana.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa Sala ulipofika alitoka. Huyo ndiye kiongozi wetu. Je, ni aibu gani basi kwa mwanamume wa Mara kuonekana na ndoo ya maji, mkewe akiwa na mimba ya miezi minane?

Tunaziomba jamaa zote tatu ziweke akiba ndogo ya nauli ya dharura kwa ajili ya wajawazito. Na kila mume, kabla ya Ijumaa ijayo, amuulize mkewe anaumwa wapi, kisha amsikilize.

Mwenyezi Mungu awalinde mama zetu na watoto walio matumboni mwao. Amin.