Kuhasi Simbilisi: Hatari Kubwa Iko Kabla na Baada ya Kisu



Kazi inayotuamsha sisi madaktari na wasaidizi wa afya ya mifugo hapa Keroka ni ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kuku, na mbwa msimu wa chanjo ya kichaa unapofika. Simbilisi hayumo katika ratiba yetu. Lakini anafika: mtoto amembeba ndani ya katoni, mzazi yuko nyuma yake akilalamika kwamba jozi aliyonunua imekuwa ukoo, na anataka dume ahasiwe leo hii.

Kwanza tuulize kama upasuaji unahitajika. Jike aweza kushika mimba akiwa na wiki 4 hadi 6 tu, hubeba kwa siku 59 hadi 72, na hupandwa tena saa chache baada ya kuzaa. Kwa familia nyingi, kutenganisha watoto wa kiume wakiwa na wiki 3 kunatosha, na gharama yake ni ubao mmoja. Kuhasi kuna maana pale mwenyewe anapotaka dume aishi na majike, kwa kuwa simbilisi hudhoofika akifungiwa peke yake. Asiyetaka ila madume wake waache kupigana, tumweleze wazi kwamba kisu hakitampa amani hiyo.

Hatari ni ya kweli. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba vifo vinavyohusiana na nusukaputi vilikuwa takriban asilimia 0.17 kwa mbwa na 3.8 kwa simbilisi. Huko kuna mashine za gesi na vipimo vya oksijeni. Sisi wengi tuna ketamini, zailazini na mikono yetu, basi uangalifu wetu hauna budi kuzidi.

Koleo la Burdizo na mpira wa kuhasia vibaki kwa ndama na mbuzi. Njia za kinena za simbilisi dume hubaki wazi maisha yake yote, naye huweza kuvuta korodani zikarudi tumboni. Ukibana kwa nje hujui umebana nini. Ukizitoa kwa upasuaji bila kufunga njia hizo, utumbo utashuka na utakuwa umemtengenezea ngiri. Mafuta yaliyo karibu na korodani yarudishwe ndani, yanasaidia kuziba.

Mpimeni kwa mizani ya jikoni, kamwe si kwa kukadiria. Kwa kiwango cha miligramu 5 za zailazini kwa kilo, mnyama wa gramu 800 anahitaji miligramu 4, yaani mililita 0.2 ya dawa ya asilimia 2. Chupa ya asilimia 10, ile ya farasi, itampa mara tano ya kipimo hicho. Someni lebo, tumieni bomba la mililita 1.

Asilazwe njaa usiku kucha. Simbilisi hatapiki, na tumbo lake likisimama, uhai wake unasimama nalo. Yatosha kuondoa chakula muda mfupi kabla ya sindano na kumsafisha kinywa kwa maji, maana huweka majani mashavuni. Asubuhi zetu za nyanda za juu ni baridi, na mwili mdogo hupoteza joto upesi: mnyoeni sehemu ndogo, msimloweshe kwa spiriti, mzungushieni chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kwa kitambaa hadi aamke kabisa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linatokana na nia njema. Mkono wetu umezoea kumaliza kila upasuaji kwa Penstrep, yenye penisilini. Kwa simbilisi, penisilini huua bakteria wema wa utumbo, klostridia wakashamiri, na baada ya siku chache mnyama anakufa kwa kuhara huku kidonda chake kimepona vizuri. Ampisilini na linkomaisini ni vivyo hivyo. Ikibidi antibiotiki, enrofloksasini au trimethoprimu yenye salfa ni salama zaidi. Upasuaji safi mara nyingi hauhitaji hata hizo. Unahitaji dawa ya maumivu, kama meloksikamu, ambayo sisi huisahau.

Nyumbani alale juu ya kitambaa au karatasi safi, si vumbi la mbao linaloingia kidondani. Apewe nyasi na sukuma wiki mapema. Mwili wake hautengenezi vitamini C, na bila hiyo kidonda hakishiki. Asipokula wala kutoa kinyesi kwa saa 12, arudishwe alishwe kwa bomba.

Kisha mwelezeni mzazi, na mumwandikie tarehe: dume akae mbali na majike wiki 6, kwa kuwa mbegu zilizobaki mirijani bado zinaweza kutungisha mimba.