Kutoka Madaftari ya Gombe hadi Simu za Mwalo wa Kibirizi: Utunzaji wa Taarifa za Kila Siku



Nimeombwa kuzungumzia simu janja na utunzaji wa taarifa, na bila shaka wengi mnasubiri nitaje programu za kupakua. Naomba kwanza tuzungumzie karatasi, tena karatasi za hapa hapa mkoani kwetu Kigoma.

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika msitu wa Gombe tarehe 14 Julai 1960, akaanza kuandika alichokiona. Kazi hiyo ilikua, na baada ya muda ikashikwa na watu wa mwambao huu. Mwezi Mei 1975 waasi waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire waliwateka watu wanne pale kambini. Watafiti wa kigeni wakaondoka, lakini kumbukumbu hazikukatika. Wasaidizi wa utafiti Watanzania waliendelea kuingia msituni, wakawafuata sokwe mabondeni na kuandika kwa Kiswahili saa, mahali, nani yuko na nani, na kinacholiwa. Mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyekuwa ameshuhudia Januari 1974 sokwe wa kundi la Kasakela wakimshambulia jirani yao aliyeitwa Godi. Bila maandishi, jambo hilo lililoshangaza wanasayansi wa dunia lingebaki masimulizi ya jioni kambini.

Baadaye karatasi hizo zilipelekwa Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota na kisha Duke, zikaingizwa kwenye kompyuta. Iliwezekana kwa sababu waliozijaza walikwisha kukubaliana: sokwe huyu ana jina moja, bonde hili lina jina moja, saa huandikwa palepale. Mtu aliyezaliwa baada yao anaweza leo kuuliza swali ambalo wao hawakulifikiria, akapata jibu. Huo ndio mpangilio ninaouzungumzia, na uliwekwa kwa kalamu.

Hatua ya pili imefanyika vijijini. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulianza 1994, wakati misitu nje ya hifadhi ya Gombe ilikuwa imekatwa sana. Wanavijiji walikaa mbele ya picha za setilaiti, wakaonyesha vijito, makaburi, mashamba na mipaka wanayoijua, na mipango ya matumizi ya ardhi ikatengenezwa kutokana na vikao hivyo. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, waangalizi wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyao walianza kutembea na simu zenye programu ya Open Data Kit. Anayekuta mtego, tanuri la mkaa, kisiki kibichi au kiota cha sokwe hujaza fomu fupi, hupiga picha, na simu huandika mahali pake kwa setilaiti. Hakuna mtandao huko milimani? Fomu hukaa ndani ya simu mpaka mwangalizi afike penye mawimbi, ndipo hutumwa.

Angalieni fomu ile ilivyo fupi. Haimwombi mwangalizi aandike insha. Inauliza mambo machache ambayo kamati ya kijiji inaweza kuyafanyia kazi, na majibu mengi ni ya kuchagua, ili kila mwangalizi aite jambo lilelile kwa jina lilelile.

Sasa tuje mwaloni. Pale Kibirizi na Katonga, mwenye chombo au mama anayenunua dagaa mbichi na kuanika huwa na taarifa nyingi kuliko ofisi nyingi: mafuta, betri za taa, posho ya wavuvi, mafungu yaliyokopwa, magunia yaliyokwenda na gari, pesa zilizoingia kwenye simu. Tatizo ni kwamba zimetawanyika. Deni moja liko kichwani, jingine liko kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, malipo yako kwenye meseji za miamala zilizochanganyika na matangazo. Mteja akikana, mtu anatafuta meseji ya wiki sita zilizopita huku foleni ikimsubiri.

Nasisitiza jambo ambalo programu nyingi za hesabu hazilijui. Zimepangwa kwa mwezi wa kalenda. Uvuvi wetu wa taa unafuata mwezi wa angani: mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawavutwi na taa na vyombo hupumzika; kipindi cha uvuvi kati ya mbalamwezi mbili ndicho tunachokiita "giza". Anayefunga hesabu tarehe 30 atachanganya nusu ya giza hili na nusu ya giza linalofuata, kisha ashindwe kujua lipi lilileta faida. Jedwali la kawaida kwenye simu, lenye safu ya "giza" kando ya tarehe, lina manufaa zaidi kuliko programu ya kifahari. Tarehe, giza, jina la mtu, kitu, kiasi, kimelipwa au bado. Na jina liandikwe vilevile kila mara, kwa sababu "Mama Asha", "Asha" na "M. Asha" kwa simu ni watu watatu.

Faida ya rekodi kama hiyo ilionekana wazi ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu bila dagaa ni mirefu kwa mtu asiyejua nyumba yake hutumia kiasi gani kwa wiki na nani anadaiwa kiasi gani. Mwenye rekodi huingia kipindi kama hicho akiwa na orodha ya kudai na makisio ya akiba.

Kuna hatari mbili ambazo sitazipita. Simu huzama, huibiwa, hufa. Taarifa iliyo kwenye simu moja tu haijatunzwa. Nakala iwe kwenye barua pepe au akaunti ya mtandaoni, na neno la siri alijue pia mtu wa nyumbani unayemwamini. Ya pili ni heshima ya wateja. Orodha ya wadaiwa yenye namba zao ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazilinda. Kuirusha orodha hiyo kwenye kundi la WhatsApp ili kumwaibisha mtu ni kosa, hata kama deni ni la kweli.

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi vya usimamizi wa uvuvi na vya kuweka akiba mliopo hapa: kabla ya kuomba mafunzo ya programu yoyote, kaeni na wanachama wenu mkubaliane safu za daftari na majina ya vitu. Lijazeni kwa karatasi giza moja zima. Likikamilika bila mapengo, liingizeni kwenye simu.