Makaazi ya kudumu: tuongee bila haya

(Maneno yenye tulisema mbele ya vijana wenzetu, Butembo)



Leo hatukuje kuongea juu ya barabara wala juu ya maji, hata kama barabara iko vile mnaijua na maji haijarudi. Tunataka kuongea juu ya jambo lenye wengi wetu wanafikiria usiku, halafu mchana wanalikataa mbele ya wenzao: kuondoka. Si kuvuka paka Kasindi na kurudi jioni. Kuondoka na kupata karatasi ya kukaa inchi ya watu kabisa, ile wanaita makaazi ya kudumu.

Tunajua kile watu wanasemaga. Kwamba kijana wa harakati ya raiya mwenye anaomba kwenda Canada ni msaliti. Sisi hatukubali neno hilo. Tuko na diploma ya chuo kikuu, tuko na miaka 24, 25, 26, tumetembeza CV mpaka viatu vimetoboka, na nyumbani bado tunakula kwa mkono wa mama mwenye anauzisha makala. Mtu wa namna hiyo akitafuta mlango, hatuwezi kumuhukumu. Lakini tunaweza kumuambia ukweli juu ya mlango wenyewe. Juu ya hapa mtaani kuko watu wengi wenye wanauzisha picha ya mlango, na mlango hawana.

Tuchukue Canada, juu njo jina lenye linarudia kila mara. Hata sisi tulifungua dosye hiyo, tukasoma sheria zake usiku, wakati mega ziko bei ya chini.

Kitu cha kwanza: kufungua profili kwenye mfumo wao wa Express Entry hakulipiwe. Ni bure. Mtu mwenye anakuomba dola 200 "ya kukuingiza kwenye sistemu", amekwisha kukudanganya kabla hajafungua ordinateri. Na mwenye kuwa na haki ya kukusimamia kwa malipo ni avoka wa kule, ama notere wa Quebec, ama mshauri mwenye kuandikwa kwenye chama chao cha kazi. Kijana wa sekretariati yenye kupiga fotokopi pale sokoni hayumo. Anaweza kukupigia mashini vizuri, tunamshukuru, lakini hana namba yoyote ya kukupeleka.

Kitu cha pili njo kinatuumizaga zaidi. Watu wanafikiri Canada inatafuta watu wenye hawana kazi ili iwape kazi. Hapana. Njia ile ya wafanyakazi wenye ujuzi inakuomba kwanza mwaka moja mzima wa kazi, yenye ulifanya ndani ya miaka 10 iliyopita, na kazi hiyo iwe ya kulipwa. Stage ya bure haihesabiwe. Kujitolea hakuhesabiwe. Na kazi yenyewe inapaswa kuwa ya kiwango fulani: mwalimu anahesabiwa, muuguzi anahesabiwa, mtu wa compta anahesabiwa. Motari haingie. Fikirini sasa: ni wangapi kati yetu walisoma sheria ama agronomia, na leo wako juu ya moto?

Na hata mwalimu, muangalie vizuri. Tuko na wenzetu wenye wanafundisha miaka mitatu, mine, na serkali bado inawaita N.U., unité mpya, maana yake anaingia darasani kila asubuhi lakini jina lake haliko kwenye listi ya malipo. Huyo akiombwa barua ya kazi yenye kuonyesha saa ngapi kwa juma na mshahara ngapi, ataandika nini? Amefanya kazi kweli. Watoto wanamujua. Lakini mbele ya dosye, kazi yake ni hewa. Kwa hiyo mlango wa nje unafungwa na ufunguo ule ule wenye ulifunga mlango wa ndani. Mwenye alikosa kazi ya kulipwa hapa, atakosa pia alama za kule. Wenye kupita kwa urahisi ni wale wenye tayari walikuwa na nafasi nzuri. Hatusemi hivi ili kuvunja mtu moyo. Tunasema juu tumechoka kuona familia zinauzisha shamba juu ya dosye yenye tangu siku ya kwanza haikuwa na mguu.

Sasa, kuko kitu kimoja chenye kinatusaidia, nacho ni Kifaransa. Tangu 2023 Canada inachagua kwa makundi, na kundi moja ni la watu wenye wanasema Kifaransa na watakaa nje ya Quebec. (Quebec iko na mfumo wake yenyewe wa kuchagua watu, usichanganye hizo mbili.) Mwezi wa 3 wa 2025, kundi la Kifaransa lilichukuliwa na alama 379, na mwaka ule ule wenye walikuwa tayari wanafanya kazi ndani ya Canada walihitaji zaidi ya 500. Na umri wetu, kati ya 20 na 29, njo unapewa alama zote za umri. Hiyo ni faida ya kweli, haiko hadisi.

Lakini Kifaransa chenyewe lazima ukifanyie mtihani, TEF Canada ama TCF Canada. Hata kama ulisoma Kifaransa tangu primere, hata kama uliandika memoire ya kurasa 80 kwa Kifaransa, hakuna mwenye atakuamini bila karatasi ya mtihani. Kusoma, kuandika, kusikia, kusema: zote ine zinapaswa kufika kiwango cha 7. Na matokeo yanakufa kisha miaka 2. Wengine wetu wanaandika vizuri sana lakini kwenye kusikia wanaanguka, juu hatujazoea Kifaransa cha watu wa kule wenye wanasema mbio.

Halafu franga. Mwaka 2025 kulipia dosye ya mtu mzima mmoja ilikuwa dola za Canada 1,525, bila mtihani, bila daktari, bila alama za vidole, bila kulinganisha diploma. Na kama hauna kazi yenye inakungojea kule, unaonyesha kwamba uko na zaidi ya dola 15,000 za Canada kwenye konti yako, kwa mtu mmoja asiye na familia. Si za kulipa. Za kuonyesha kwamba utaishi. Lakini ziwe zako, na benki iandike barua. Wenzetu wa Goma, wenye benki zao zilifunga mwezi wa kwanza wa 2025 wakati vita iliingia mjini, barua hiyo wangeitoa wapi? Kuna mtu alituambia "kopa kwa mjomba juma moja, wapige picha ya konti, urudishe." Hapana. Pesa ya kukopa haikubaliwe, na wanaangalia miezi sita ya nyuma.

Hapa tunafika kwenye uongo. Barua ya kazi ya bandia iko na bei hapa mjini, na bei hiyo mnaijua kuliko sisi. Sheria yao ya uhamiaji inasema mwenye anadanganya kwenye dosye anafungiwa miaka 5. Miaka 5 hauwezi kuomba makaazi. Ukikamatwa na 25, unarudi kuomba na 30, alama za umri zimeanza kushuka. Na mwenye alikuuzishia barua hatafungiwa kitu, atakuwa anakunywa bia yake pale pale.

Mwenye anapata mwaliko anapewa siku 60 za kuweka karatasi zote. Siku 60! Kwa mtu wa inchi yenye biro zinafanya kazi, ni nyingi. Kwetu, hesabuni: karatasi ya polisi yenye kuonyesha kwamba hauna makosa, daktari, lakini paka ule wa kwenye listi yao, kisha kutuma dosye, alama za vidole kwenye kituo chao, sawa kile cha Kinshasa, na kutoka hapa hakuna barabara ya kutufikisha Kinshasa, ni ndege. Cheti cha kuzaliwa, chenye wengi wetu hatuna, juu wazazi walikimbia na siku 90 za kuandikisha mtoto bure zilipita porini. Kisha hapo ni tribinali. Na kabla ya hayo yote, relevé za cote, zenye mara nyingi chuo chenyewe njo kinapaswa kutuma. Tuko na mwenzetu mwenye aliomba relevé zake kwenye chuo fulani, wakamuambia mashini imekufa, kisha wakamuambia wino umeisha, kisha wakamuambia bei. Mashini ikafufuka siku ile ile.

Muangalie sasa listi hiyo vizuri. Cheti cha kuzaliwa. Relevé. Barua ya kazi ya kweli. Karatasi ya polisi. Pasipoti, yenye mwaka 2015 walituuzishia dola 185, kati ya bei za juu kabisa duniani. Hakuna hata moja yenye ni ya Canada. Zote ni deni la serkali yetu kwetu sisi. Mwenye anabaki hapa na kutafuta kazi kwenye ONG anaziomba. Mwenye anataka kufungua duka anaziomba. Njo maana tunasema jambo hili ni la harakati. Kupigania relevé itoke kwa bei yenye imeandikwa ukutani, hiyo haiko kusaidia watu kukimbia inchi.

Tuseme pia juu ya wenye wanapita njia ya ukimbizi, juu hapa kwetu ndiyo wengi, na si kwa kupenda. Kwanza: nafasi ya UNHCR ya kupelekwa inchi ya tatu hailipiwe, hata frank moja. Ukisikia mtu wa Nakivale ama wa Kampala anauzisha "dosye ya Amerika", kimbia. Marekani, yenye ilikuwa inachukua Wakongomani kwa wingi na kuwapa haki ya kuomba karata ya kijani kisha mwaka mmoja, ilisimamisha mpango huo mwezi wa kwanza 2025, na kuko familia zenye zilikuwa zimekwisha kuuzisha vyombo vya nyumba. Afrika ya Kusini, mkimbizi alikuwa anaweza kuomba makaazi kisha miaka 5. Tangu 2020 sheria ikasema 10. Kwa hiyo mtu asikuapie na sheria ya mwaka jana.

Pili, na hii wanaharakati waisikie vizuri. Ukipata Canada kama mkimbizi, halafu makaazi ya kudumu, halafu ukachukua pasipoti ya Congo na kurudi huku kwenye matanga ama kwenye harusi, serkali yao inaweza kusema: kumbe hauogope tena. Tangu 2012 sheria yao inaruhusu kukunyanganya ukimbizi na makaazi pamoja. Kuko watu wanafikiri karata ni karata. Haiko vile. Karata ya mkimbizi na karata ya mfanyakazi zinafanana machoni, lakini mizizi haifanane.

Na karata yenyewe, inakupa nini? Kufanya kazi popote, kusoma, kutunzwa hospitali. Haikupe kura kule. Inakuomba ukae kule siku 730 ndani ya kila miaka 5. Na haikutoe kwenye uraiya wa Congo: mwenye makaazi ya kudumu anabaki Mkongomani kamili. Mwezi wa 12 wa 2023, Wakongomani wa Canada, wa Marekani, wa Ubelgiji, wa Ufaransa na wa Afrika ya Kusini walichagua prezida kwa mara ya kwanza wakiwa kule kule. Lakini mwenye anasonga mbele na kuchukua uraiya wa Canada, Katiba yetu, article ya 10, inasema uraiya wa Congo ni mmoja tu, haushikwe pamoja na mwingine. Wakubwa wangapi wako na pasipoti mbili kwenye mfuko, hilo tutaongea siku ingine. Kijana wa kawaida sheria itamkamata. Kwa hiyo kati ya karata na uraiya kuko mupaka, na kila mtu ajue pale anasimama kabla ya kuapa.

Sisi wenyewe tumegawanyika. Wamoja wetu dosye zao ziko njiani. Wengine wamesema hawaendi, hata wakipewa tiketi. Tunakutana kwenye kikao kile kile na tunaandika leta zile zile kwa meya.

Kuanzia Posho ya juma lijalo, kisha salongo, tutaweka meza. Lete relevé zako, lete barua ya kazi kama uko nayo, lete ile karatasi yenye wakala alikupa. Tutasoma pamoja na tutakuambia bila kukuficha kama inasimama ama haisimame. Na kama biro fulani ilikuomba pesa yenye haiko kwenye tarifu, andika tarehe na kiasi, tutaweka kwenye listi yenye tunapeleka kwa meya mwisho wa mwezi. Franga usilete, hatuna hata pa kuziweka.